Flashi Haikuwa Tupu

Mwaka ule jogoo wa Esta alikuwa akiwika, mwenyewe yuko njiani tayari. Ndoo kichwani, kidumu mkononi, anashuka bondeni kuteka maji ya kumwagilia karoti. Anapanda mlima, anamwagilia tuta moja, anashuka tena. Mtu asiyeijua milima ya upande wa Vuga anaweza kudhani hiyo ni kazi ndogo. Na aje aijaribu.

Zamani Esta hakuhitaji ndoo. Mfereji ulipita juu ya shamba lake. Wazee wa kitongoji waliuchimba kwa majembe enzi za vijiji vya ujamaa, kutoka chemchemi ya juu mpaka mashambani. Maji yalikuja yenyewe. Zamu yako ikifika unafungua kwa jembe. Ukimaliza unaziba kwa udongo, unamwachia jirani.

Masika ya mwaka ule mlima uliporomoka. Udongo ukafunika kipande kirefu cha mfereji, pale penye mwamba mweupe. Bahati mbaya, hapo ndipo mfereji ulipopita chini ya ardhi. Wazee walikuwa wameufunika kwa mawe bapa, na magugu yakaota juu yake miaka mingi. Baada ya mvua watu walichimba mbele ya mwamba, wakachimba chini yake, wakachimba pembeni. Walichopata ni mizizi na hasira.

Aliyeijua njia ya mfereji vizuri alikuwa mmoja tu, Mzee Yohane, baba mkwe wa Esta. Alikuwa msimamizi wa mfereji tangu ujana wake. Naye alifariki kabla ya mvua hizo.

Lakini Mzee Yohane hakuondoka kimya. Alipoanza kuugua alimwita Esta.

"Mkamwana, chukua simu yako. Twende mferejini nikuonyeshe, na wewe upige picha zinazotembea."

Walikwenda polepole. Mzee alionyesha kwa fimbo na kueleza, Esta akapiga video. Simu ilipojaa, alizihamishia video hizo kwenye flashi, kile kijiti kidogo cha kuhifadhia mambo ya kompyuta. Kisha akazifuta kwenye simu. Hapo Esta alikosea. Kitu cha thamani alikiweka mahali pamoja tu.

Baada ya maporomoko, Esta alijaribu kukumbuka maneno ya mzee. Aliyakumbuka nusunusu. Mlima ulikuwa umebadilika, na alama zote zilikuwa zimekwenda na udongo. Wanaume wakamuuliza, "Mama Rahabu, una hakika?" Hakuwa na hakika.

Kwa nini basi hawakuitazama video mara moja? Katika ukoo wa Timotheo, mume wa Esta, sauti ya marehemu haisikilizwi na sura yake haitazamwi mpaka tanga lianuliwe. Hiyo ni heshima, na hakuna aliyeipinga. Kwa hiyo flashi ilikaa ndani ya kikombe kabatini, ikisubiri. Angalau Esta alidhani imekaa.

Tanga lilipoanuliwa, kiangazi kilikuwa kimeingia. Karoti zilikuwa zimeanza kusinyaa. Kabichi za majirani nazo zilikuwa hoi. Esta alivaa kanga safi, akaitoa flashi kabatini, akasema, "Leo tunamsikiliza mzee."

Yeye, Timotheo na Rubeni, mdogo wake Timotheo, wakateremka mpaka Soni. Huko kulikuwa na duka la steshenari la kijana mmoja aitwaye Selemani. Selemani alichomeka flashi kwenye kompyuta. Akatazama kioo. Akakuna kichwa.

"Mama, humu hamna video. Kuna vipicha vidogo viwili vyenye mshale tu."

"Tazama vizuri, mwanangu. Kuna folda inaitwa Babu."

"Jina Babu lipo, lakini ni mshale mtupu. Nikibofya haufungui kitu. Flashi yako imeliwa na virusi. Hii dawa yake ni kuifomati, mama. Tunaifuta yote, inakuwa mpya kabisa."

"Na video?"

"Hizo sahau, mama. Zimeshakwenda."

Timotheo alikaa juu ya boksi la karatasi. Yeye hakuwepo siku ile ya video, alikuwa Korogwe kutafuta mbegu. Tangu msiba alikuwa akingoja kumsikia baba yake, na sasa anaambiwa asahau.

Selemani alikuwa ameshakishika kipanya, tayari kubonyeza. Kwake ilikuwa kazi ya kila siku. Watu huja na flashi mbovu, yeye hufuta, watu huenda zao. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na haraka tu, na haraka ya namna hiyo imewaliza wengi.

"Acha!" Esta alisema kwa sauti kubwa mpaka wateja waligeuka. "Usifute kitu. Nitolee flashi yangu."

"Lakini mama, haina kitu."

"Kama haina kitu, basi sina cha kukuachia ufute. Nipe."

Selemani akaitoa. Nje ya duka, Esta alimgeukia shemeji yake. Rubeni alikuwa akitazama viatu vyake kwa bidii sana.

"Rubeni, flashi hii ilitoka kabatini?"

"Shemeji, niliiazima kidogo tu. Nilitaka nyimbo za kwaya kwa ajili ya redio."

"Uliichomeka wapi?"

"Kwa fundi redio. Na kwa rafiki yangu wa Mombo. Na pale stendi, kwa yule anayeuza nyimbo." Akameza mate. "Na kwingine."

Esta alikasirika kweli. Alitaka kusema mengi, lakini aliona hasira haitarudisha maji. "Twende kwa Mwalimu Mwanahawa," alisema.

Mwalimu Mwanahawa alikuwa jirani yao. Alifundisha kompyuta katika shule ya sekondari ya kata. Shule ilikuwa imefungwa, naye alikuwa akianika maharage uani.

"Shikamoo, mama Rahabu. Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba, mwalimu. Tumekuja na shida."

Esta alieleza yote. Mwalimu alisikiliza, akafunika maharage, akachukua ufunguo wa chumba cha kompyuta. Njiani aliuliza swali moja tu.

"Kuna mtu ameifuta au kuifomati?"

"Alitaka. Nilimnyang'anya."

"Basi tuna matumaini," alisema mwalimu.

Chumbani aliwasha kompyuta moja, akachomeka flashi. Vile vipicha vyenye mshale vikatokea.

"Hivi msivibofye kamwe," alisema. "Ni mtego. Virusi hivi huficha folda yako halisi, kisha huweka mshale wenye jina lilelile. Wewe unabofya ukidhani ni folda yako, kumbe unaviamsha virusi viingie kwenye kompyuta. Sasa njoo ukae hapa, mama Rahabu."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Flashi ni yako."

Esta alikaa. Kucha zake zilikuwa na udongo wa shambani. Alifuta mikono kwenye kanga, akakamata kipanya.

"Bonyeza upande wa kulia wa kipanya juu ya jina la flashi. Chini kabisa kuna neno 'Properties'. Hapo tunaona hali yake. Unaona huo mduara? Sehemu iliyojaa ni kubwa au ndogo?"

"Kubwa. Zaidi ya nusu."

"Ukinyanyua gunia, ukalikuta zito, utasema ni tupu?"

"Siwezi kusema hivyo."

"Basi flashi hii si tupu. Kitu kimo, ila hatukioni."

Timotheo alisogeza kiti karibu. "Mwalimu, lakini kwa nini kompyuta ifiche kitu? Nani aliyeitengeneza na tabia hiyo?"

"Baba Rahabu, mbegu zako za maharage unaweka wapi?"

"Darini, juu ya meko."

"Kwa nini si sebuleni?"

"Watoto watazichemsha!"

"Kompyuta nayo ina mafaili yake ya mbegu. Mtu akiyafuta kwa bahati mbaya, kompyuta haifanyi kazi. Kwa hiyo inayaficha. Kuficha si kosa. Tatizo ni kwamba virusi vimejifunza ujanja huohuo, vikaficha na video za mzee."

Akaendelea, "Kila kompyuta ina programu kubwa inayoiongoza. Tunaiita mfumo endeshi. Hii unayotumia ina mfumo wa Windows. Funga hicho kidirisha. Juu, unaona neno 'View'? Libonyeze. Sasa tafuta maneno 'Hidden items', yaani vitu vilivyofichwa. Weka alama ya vema."

Esta alitafuta herufi moja moja. Alizipata, akaweka alama ya vema. Wote wanne wakainama mbele ya kioo.

Hakuna kilichotokea. Ni ile mishale miwili tu.

Rubeni alishika kichwa. Timotheo alisema kwa sauti ya chini, "Tumeshindwa."

"Hatujashindwa," Esta alisema. Alisema bila kumtazama mtu. "Mwalimu amesema gunia ni zito. Mwalimu, nini kingine?"

Mwalimu Mwanahawa alitabasamu. "Kuna pazia la pili. Virusi hivi huyapa mafaili alama mbili. Ya kwanza inasema, nimefichwa. Ya pili inasema, mimi ni faili la mfumo, usiniguse. Ile alama ya vema imeondoa pazia la kwanza tu. Rudi kwenye 'View'. Mwisho kabisa kuna 'Options'. Bonyeza. Kwenye kidirisha kinachofunguka, bonyeza 'View' tena. Teremka. Kuna mstari unaosema 'Hide protected operating system files'. Hilo ndilo pazia la pili."

"Lina alama ya vema."

"Iondoe. Kompyuta itakuonya. Itauliza kama una hakika. Kubali, kisha bonyeza 'OK'."

Kompyuta ikaonya kweli. Esta alisita, kidole juu ya kipanya. Kisha akabonyeza.

Folda ikatokea. Rangi yake ilikuwa hafifu, kama nyumba ya jirani unayoiona ndani ya ukungu wa asubuhi. Chini yake kulikuwa na neno moja, Babu.

"Ndiyo hiyo!" Esta alipiga meza. "Ndiyo hiyo! Haikwenda popote!"

Akaifungua. Video zote zilikuwemo. Akabonyeza ya kwanza. Mzee Yohane akatokea, amevaa koti lake la mvua, ameegemea fimbo, na sauti yake ikajaa chumba.

"Mkamwana, umewasha hiyo simu? Haya."

Timotheo alisimama. "Tate," alisema kwa lugha ya nyumbani, kama anamwitikia baba yake mlangoni. Kisha akalia wazi, bila kujificha, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mwalimu alimsogezea Timotheo kiti. Halafu alisema kwa upole, "Tutazitazama zote. Kwanza tunakili. Mafaili yaliyoponea chupuchupu hayaachwi mahali pamoja."

Alihamisha flashi kwenye kompyuta nyingine, ya zamani, iliyokuwa pembeni. "Hii ina mfumo wa Linux. Tazameni."

Rubeni alishangaa. "Mbona humu folda inaonekana mara moja? Hatujabonyeza kitu."

"Linux haifuati zile alama mbili za Windows. Na virusi vile haviwezi kuamka humu. Lakini Linux nayo ina namna yake ya kuficha. Faili ambalo jina lake linaanza na nukta halionekani. Ukitaka kuliona, shika 'Ctrl' na herufi H kwa pamoja. Ukirudia, linajificha tena."

Walinakili folda kwenye kompyuta hiyo. Kisha mwalimu aliirudisha flashi kwenye ile ya kwanza, akairudisha alama ya vema ya pazia la pili ili mafaili ya mfumo yabaki salama, akaendesha programu ya kuua virusi. Ile mishale miwili ikafutika.

"Virusi vimekufa," alisema. "Lakini dawa hii inaua virusi tu. Pazia haiondoi. Sasa nataka kuondoa alama kwenye…"

Umeme ukakatika. Hayo ndiyo ya kwetu.

"Si neno," alisema mwalimu. "Nakala ipo hapa, na ile ya kwanza imo kwenye flashi. Imefichwa tu. Umeme ukirudi mje nimalizie."

Kesho yake umeme ulikuwa haujarudi. Na kiangazi hakisubiri umeme. Wazee wa kitongoji walikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa kuamua la kufanya. Wengine walishasema mfereji uachwe, kila mtu abebe ndoo yake. Esta aliposikia habari ya ndoo, shingo ilimuuma palepale.

Mchungaji Danieli alikuwa na kompyuta ndogo ya kukunja, aina ya Mac, na betri yake ilikuwa imejaa.

"Bwana Yesu asifiwe, mchungaji," alisema Esta. "Naomba tutumie kompyuta yako. Flashi imeshasafishwa."

"Amina. Karibu, mama Rahabu."

Rubeni alichomeka flashi kwa heshima mpya. Akaifungua. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Shemeji! Hamna kitu! Tupu kabisa!"

Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja alisema, "Nilijua. Mambo ya mitambo haya." Mwingine alishasimama na kuchukua kofia yake.

"Kaeni, wazee wangu," Esta alisema. "Tafadhali kaeni. Flashi hii si tupu. Imefichwa, na pazia lake halijaondolewa. Mchungaji, kompyuta hii si Windows wala si Linux, sivyo?"

"Ndivyo. Ni Mac."

"Nayo unaifanyaje ionyeshe vilivyofichwa?"

Mchungaji alifikiri. "Niliwahi kuonyeshwa. Kuna kitufe cha 'Command', kuna cha 'Shift', na kitu cha tatu nimekisahau."

Esta hakuwa na mwalimu pembeni siku ile. Alivishika vitufe viwili, akajaribu H, kama kwenye Linux. Haikukubali. Wazee walimtazama. Alikumbuka maneno ya mwalimu, faili linaloanza na nukta. Akabonyeza nukta, huku vile viwili bado amevishika.

Folda ya Babu ikajitokeza, hafifu, ileile.

Yule mzee akarudisha kofia chini. Watu walisogea mpaka vichwa vikagongana. Mzee Yohane alikuwa akitembea kwenye kioo, na mwamba mweupe ulikuwa mbele yake.

"Watu wanadhani mfereji unapita mbele ya mwamba huu," alisema. "Haupiti. Hapa tulichimba tukashindwa, mwamba ulivunja majembe yetu. Ndipo tukarudi nyuma, kule juu karibu na chemchemi, tukaanza upya. Tukapita nyuma ya mwamba, chini ya ule mkuyu. Kila nyumba ilitoa mtu. Wanaume walichimba, wanawake walibeba mawe bapa kichwani kutoka mtoni. Jiwe la mwisho liko chini ya mkuyu. Aliliweka marehemu mke wangu, akachora msalaba juu yake kwa ncha ya panga. Ukilipata hilo, mkamwana, umeupata mfereji."

Hakuna aliyengoja mkutano ufungwe. Watu walikwenda moja kwa moja na majembe. Mkuyu wenyewe ulikuwa umeangushwa na maporomoko, lakini kisiki kilionekana. Walichimba pale, Timotheo mbele. Jembe likagonga jiwe. Akapiga magoti, akalifuta udongo kwa viganja. Msalaba ulikuwepo.

"Jiwe hili ni la mama," alisema, na akaliinua mwenyewe. Chini yake kulikuwa na mfereji mtupu, mkavu, ukisubiri.

Walifukua kipande kilichoziba, wakasafisha mpaka kwenye chemchemi. Kazi ilikuwa ngumu, mikono ilichubuka, lakini sasa kila mtu alijua anachimba wapi na kwa nini. Siku maji yalipofunguliwa, Esta alikuwa amesimama shambani kwake. Aliyasikia kabla ya kuyaona. Yakaja yakisukuma majani makavu, yakaingia kwenye tuta la kwanza la karoti. Aliitazama ndoo yake, akaigeuza chini juu, akaikalia.

Wazee walimchagua Esta awe msimamizi wa mfereji. Haikuwahi kuwa kazi ya mwanamke, lakini yule mzee wa kofia ndiye aliyelitaja jina lake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuutembea mfereji wote akiupiga video. Nakala moja iko shuleni, nyingine kwa mchungaji, nyingine nyumbani. Selemani wa steshenari naye amejifunza. Siku hizi mteja akileta flashi tupu, kwanza anauliza, "Tuangalie ina uzito gani?" Ameshawarudishia watu mambo mengi.

Na flashi ile? Mwalimu Mwanahawa aliiondolea alama zote, nayo imerudi kabatini ndani ya kikombe. Jumapili moja Rubeni alikuja kuiazima tena, aweke nyimbo za kwaya. Esta hakugomba. Alimpa flashi mpya, iliyo tupu kweli.

"Hii ni yako, shemeji," alisema. "Ile ni ya baba."